Sajini Obwona, Shuka Langu na Albamu ya Kelele za Kambi

Kile kitu kikubwa cha mviringo kilichofunikwa shuka la maua na kubebwa kwenye boda boda kutoka Kyebando hadi Bukoto, mwezi wa Mei mwaka 2006, kikiwa kimekumbatiwa kwa mikono miwili na marehemu mume wangu, hakikuwa mwanamke.

Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo wengine walipoanzia. Nimesikia kwamba alikuwa mwanamke mnene. Nimesikia kwamba alikuwa mjamzito na alikuwa akifichwa. Kwenye matanga ya mtu ambaye hata simfahamu vizuri nimesikia, kwa masikio yangu mwenyewe, kwamba walikuwa wanawake wawili, na hapo nikaweka sahani ya wali chini nikaondoka. Boda boda gani hiyo, jamani?

Ilikuwa tuba. Kwa asiyejua, tuba ni lile pembe kubwa la shaba linalonguruma chini ya ala nyingine zote katika bendi ya gwaride, na mpigaji hulivaa kama mtu aliyekumbatiwa na chatu. Wenzake kambini waliliita besi. Haikuibwa, kama wanavyosema wengine. Ilitobolewa na risasi wakati wa vita, na bendi ilipopata ala mpya baada ya 1986, ile mbovu ikaondolewa kwenye orodha na kuuzwa kwa mnada wa wazi. Yeye ndiye aliyeinunua. Hati ninayo, ina mhuri. Tundu alilifunika kwa kipande cha mkebe wa mafuta ya Kimbo na risasi ya kuchomelea, na kuanzia siku hiyo tuba ile ikawa na mkwaruzo kidogo kwenye noti za chini, kama mzee anayesafisha koo.

Mume wangu aliitwa Santo Obwona, sajini wa polisi, mzaliwa wa Kitgum. Alipiga tuba miaka thelathini na miwili. Mimi ni Teresa Akech, mzaliwa wa Kisumu, mwalimu wa historia na baadaye makamu wa mkuu wa shule ya sekondari. Tulikutana Kampala mwaka 1975 kwenye foleni ya sukari, na kwa kuwa Kiacholi chake na Kijaluo changu vinakaribiana bila kuelewana vizuri, tuliamua kugombana kwa Kiswahili. Tuligombana hivyo kwa furaha mpaka mwisho.

Tulilea watoto wanne, wa kwanza Akwero, katika zile nyumba za bati za kambini, zile za duara kama makopo yaliyogeuzwa. Mvua ikinyesha humo husikii hata mawazo yako. Santo alifanya mazoezi humo humo, akiwa amesokota blanketi na kulishindilia kwenye mdomo wa tuba ili watoto wasiamke. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilichokisikia kwa mume wangu kilikuwa blanketi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua maishani, na nakitaja kwa sababu bila hicho hutaelewa lolote. Hakuna aliyewahi kumsikia. Bendi ya polisi ilipiga kwenye sherehe zote kubwa za nchi hii, redio zikairusha, na yeye kila mara aliwanyamazisha wageni sebuleni, akainua kidole na kusema, "Sikilizeni hapa chini, huyo ni mimi." Wageni waliinamisha vichwa kwa heshima. Walisikia tarumbeta, filimbi na matoazi. Walisema, "Aa, ndiyo, ndiyo, Afande." Hawakuwa wamesikia kitu, naye alijua.

Alistaafu mwaka 2003, tukahamia nyumba yetu wenyewe Kyebando. Miaka mitatu baadaye kijana aitwaye Oloya akaja kubisha hodi. Baba yake, Koplo Okeny, alikuwa amepiga klarineti kwenye bendi ile ile, Mungu amrehemu. Kijana alikuwa na nywele zilizosimama kama za paka aliyemwagiwa maji, na gitaa mgongoni.

"Afande," alisema, "tuna bendi. Kelele za Kambi. Sisi wote watoto wa bareki. Tunarekodi albamu yetu ya kwanza, Mguu Pande."

"Jina zuri," mume wangu alisema. Mguu pande ni ile amri ya gwaride inayomruhusu askari kulegeza mwili.

"Tunachanganya roki na hip hop. Nyimbo nane tayari. Imebaki moja, na mpiga besi wetu ametoroka kwenda Juba kuuza sukari. Nikakumbuka besi yako."

Niliingilia kati kabla Santo hajafungua mdomo. Nilimwambia Oloya kwamba sajini mstaafu, mlezi wa kwaya, mume wa makamu wa mkuu wa shule na mwenyekiti wa kina mama wa parokia, hatapigia watu wenye nywele kama hizo. Nilimpa chai, nikampa andazi, nikamfungulia mlango.

Santo hakusema neno. Kwa kawaida ukimya wake ulimaanisha kwamba amekubali. Safari hii nilikosea kusoma.

Wiki iliyofuata akaniambia kwamba daktari amemwagiza atembee kwa ajili ya magoti. Nikafurahi. Alitembea Jumatatu, akatembea Jumatano, akatembea Ijumaa, na kila mara alirudi midomo imevimba. Nilidhani ni jua.

Jumanne moja ya likizo ya shule, jirani yangu Nabangala alikuja akihema. Nabangala ni Mkenya kama mimi, kutoka Busia, anauza vitambaa, na habari hupita kwake kama maji kwenye chujio.

"Dada Teresa, kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Baba Akwero nimemwona juu ya boda boda asubuhi. Amekumbatia mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui! Amefunikwa shuka gubigubi! Mnene hivi!" Alipanua mikono mpaka akagusa kabati. "Na dada, si nikudanganye, shuka lenyewe ni lako. Lile la maua ya zambarau."

Nilikwenda kwenye kabati. Shuka la maua ya zambarau nililishona maua yake kwa mkono wangu mwenyewe miezi mitano kabla ya harusi yangu. Halikuwepo.

"Wameelekea wapi?"

"Bukoto. Nyuma ya soko. Mwenye duka la simu amesema anaenda pale wiki nzima, nyumba ya geti la kijani. Na kuna msichana anamfungulia." Nabangala alishika kifua. "Kichwa kipara, dada. Msichana kipara!"

Sikulia. Nilivaa gauni langu la vikao, viatu vyangu vya ngozi, nikachukua mwavuli mrefu kwa sababu ilikuwa Mei na kwa sababu nyingine pia, nikatembea kwa miguu hadi Bukoto. Njiani nilitunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi na hoja nne.

Geti la kijani lilifunguliwa na msichana kipara, mwenye buti za jeshi na pete puani. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Alanyo, kwamba ni binti wa polisi wa Gulu, na kwamba ndiye mwimbaji wa kufoka wa bendi. Wakati ule nilijua tu kwamba ni yeye.

"Kwa hiyo ni wewe," nilisema.

"Mimi nini, Mama?"

"Wewe wa shuka."

"Aa, shuka!" Uso wake ulichangamka. "Iko ndani, Mama. Tumetandika chini ya Afande."

Hotuba yangu yote ikanitoka kichwani, pamoja na hoja nne.

"Chini ya Afande," nilirudia.

"Ndiyo. Ile kitu yake ni nzito, ikigusa sementi inakwaruza. Karibu, Mama, lakini toa viatu, fundi Augustin anasumbua sana."

Sikutoa viatu. Nilimpita, nikapita korido, nikafungua mlango uliokuwa umefunikwa godoro. Ndani kulikuwa na chumba kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai toka chini hadi juu, dirisha limezibwa na godoro jingine, joto kama la tanuri. Nashon Okinyi, kijana wa Kisumu, alikuwa nyuma ya ngoma, jasho likimtiririka. Oloya alikuwa na gitaa. Katikati, juu ya shuka langu la harusi, amekaa kwenye kreti la soda akiwa na soksi na suruali ya gwaride, tuba imemzunguka, alikuwa mume wangu.

Aliponiona alisimama wima kama yuko mbele ya kamishna. Mdomo wa tuba ukagonga balbu ikaanza kuyumba, na vivuli vyetu wote vikacheza ukutani.

"Min Akwero," alisema. Ndivyo Waacholi wanavyomwita mama wa mtoto. Hakuliacha hilo hata tukigombana.

"Won Akwero," nikamjibu. Baba Akwero. "Nabangala amekuona na mwanamke."

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tuba. Kisha akaelewa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nashon aliangukia ngoma yake kwa kicheko, na ngoma ikalia yenyewe.

"Chukua shuka langu," nilisema, "twende nyumbani."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Santo, akifuta macho. "Baada ya saa kumi."

Katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuniwekea saa. Nilishangaa mpaka nikakaa.

Oloya ndiye aliyenieleza, akiwa amepiga magoti mbele yangu kama anaungama. Mtaa ule ulikuwa kwenye mgao wa umeme, na siku hiyo ungekatwa saa kumi jioni. Kompyuta ya kurekodia ilikuwa ya Augustin, fundi sauti wao, Mkongo wa Bukavu, na alfajiri ya kesho yake Augustin angepanda basi kurudi kwao na kompyuta yake. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Kama wimbo ule wa mwisho haungekamilika kabla ya saa kumi, ungetoka kwenye albamu na besi ya mashine, ile ya kubonyeza.

"Basi si apige," nilisema. "Anapiga tangu nikiwa msichana."

Walitazamana.

"Mama," alisema Nashon, "huyu mzee ni moto. Shida ni moja tu. Anasimama."

"Anasimama vipi?"

"Wacha usikie."

Augustin, aliyekuwa amejibanza kona na mashine zake, alikuja akanivika hedifoni juu ya kilemba changu bila hata kuomba ruhusa. "Mama, samahani, viatu," alinong'ona. "Mikrofoni inasikia hata mende." Nikavua viatu. Nakubali nilivivua.

Nashon akahesabu, na wimbo ukaanza. Uliitwa "Nyumba ya Bati."

Sijui nieleze vipi. Gitaa la Oloya lilikuja kama mvua juu ya bati, fujo tupu, nikakunja uso. Alanyo akaanza kufoka kwa Kiswahili cha kambi, haraka haraka, mkono ukikata hewa: nyumba ya bati, mvua ikipiga ni ngoma, baba yuko lindo, mama anasoma, mtoto kwa dirisha anahesabu bunduki kama nyota. Na chini ya hayo yote kikaja kitu kipana, cha joto, chenye mkwaruzo kidogo, kikitembea polepole kama ng'ombe dume anayejua njia ya nyumbani. Nilitazama huku na huku kutafuta kinatoka wapi. Kilikuwa kinatoka kwa mume wangu. Kumbe ndiye huyo. Kumbe muda wote ule, nyuma ya blanketi, alikuwa na kitu hicho.

Ngoma ikapiga: dum-dum.

Na tuba ikanyamaza kabisa. Santo aliishusha magotini, mgongo wima, macho mbele. Gitaa likaendelea hatua tatu likafa kwa aibu.

"Umeona?" alisema Nashon. "Mara ishirini na sita tangu asubuhi."

Nilielewa kabla hajamaliza, na nyinyi mliolelewa kambini mmekwisha elewa pia. Katika bendi ya gwaride hakuna mtu anayepaza sauti kusema acheni. Ngoma kubwa hupiga mapigo mawili mazito, na kwa mapigo hayo watu arobaini hukata sauti pamoja kama kwa kisu. Anayepuliza noti moja baada ya hapo hulala selo. Santo aliyatii mapigo hayo kwa miaka thelathini na miwili, mvuani na juani, mbele ya marais ambao hakuwachagua. Na wimbo wa watoto hawa ulikuwa na mapigo hayo hayo kila baada ya mistari minne.

"Afande, hiyo si ngoma ya gwaride," Oloya alimsihi. "Hiyo ni biti."

"Najua ni biti."

"Sasa mbona unasimama?"

"Mimi sisimami. Mdomo ndio unasimama."

Walikuwa wamejaribu kila kitu. Walimwekea pamba masikioni, akapotea ufunguo wa wimbo na kuishia kwenye wimbo wa maziko. Walimgeuza ukutani. Alanyo alimshika kiwiko na kumfinya kila mapigo yakikaribia, akasimama hata hivyo, akapiga na yowe. Walimwomba Nashon ayatoe mapigo yale.

"Siwezi," Nashon aliniambia, mkono kifuani. "Mama, hiyo dum-dum ndiyo nyama. Hizo zingine zote ni mchuzi."

"Basi tuweke mashine," alisema Santo kwa upole, na akaanza kufungua mikanda ya tuba. "Msihangaike, watoto. Mmenisikia leo, inatosha. Augustin, ulinisikia?"

"Nilikusikia, Afande."

"Basi."

Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Alikuwa akitabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyekosa gari la mwisho na hataki wenzake waone. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu.

Sasa, mimi sikuwahi kupiga hata filimbi. Lakini nimesimama upande wa wake za askari kwenye magwaride mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mwalimu wa historia huangalia nani anaamuru na nani anaamriwa. Nikauliza, "Won Akwero, siku ile ngoma ilipokosea, mbona hamkusimama?"

"Siku gani?"

"Sherehe za mwaka tisini na mbili. Okwera alikuwa kwenye ngoma kubwa, akaumwa na nyuki, akapiga mapigo mawili bila kutaka. Nyinyi mkaendelea."

Aliwaza. "Fimbo ilikuwa juu," alisema taratibu.

"Fimbo gani?" aliuliza Oloya.

"Ya dramu-meja," nikasema. "Yule anayetembea mbele na fimbo ndefu. Fimbo ikiwa juu inaenda, mnaenda. Ngoma ikikosea, fimbo ndiyo sheria. Ni kweli au si kweli, Sajini?"

"Ni kweli, Mwalimu." Kisha akashusha macho. "Lakini hapa hakuna fimbo."

Nilitazama mwavuli wangu.

Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyeniomba. Nilisimama mwenyewe, miguu mitupu, gauni la vikao, kilemba kimepondwa na hedifoni. Nilimpa Augustin hedifoni zake. Nikashika mwavuli katikati, nikauinua juu ya kichwa, nikasema kwa ile sauti niliyoitumia kunyamazisha ukumbi wa wanafunzi mia nane:

"Bendi! Mguu sawa!"

Santo alisimama wima. Nashon alisimama pia, sijui kwa nini. Alanyo aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kwa mwendo wa wimbo wenu huu, mbele, tembea!"

Chumba kile kilikuwa na urefu wa hatua nne. Nilikwenda nne, nikageuka, nikarudi nne, nikipita juu ya nyaya na pembeni mwa shuka langu, mwavuli ukipanda na kushuka. Augustin alibonyeza kitu. Ngoma ikaanza, gitaa likanyesha, na tuba ikaingia chini yake, macho ya mume wangu yameganda kwenye mwavuli.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Dum-dum.

Niliona mashavu yake yakitaka kuanguka. Niliona tuba ikianza kushuka. Nikausukuma mwavuli mpaka dari, trei mbili za mayai zikang'oka, na nikamtolea macho ambayo watoto wetu wanne wanayajua vizuri. Na tuba ikapita. Ilipita juu ya mapigo mawili kama mtu anayeruka mtaro na suruali nzuri, ikatua upande wa pili, ikaendelea kutembea! Alanyo alikuwa akifoka huku machozi yakimtoka. Oloya aliruka juu na gitaa bila sauti, kwa sababu alikuwa na soksi.

Mapigo ya pili, akapita. Ya tatu, akapita. Kufikia ya tano hakuwa tena anaruka. Alikuwa ameanza kuyangoja, kuyachokoza, anaingia nayo mguu mmoja anatoka na mwingine, na mkwaruzo ule wa mkebe wa Kimbo ulicheka kila alipofanya hivyo. Mzee wa miaka hamsini na minane! Alikuwa amenigeuzia nyusi, akizipandisha na kuzishusha, kama alivyofanya kwenye foleni ya sukari.

Wimbo una dakika nne na sekunde kumi. Dakika ya mwisho mwavuli ulianguka. Uliangukia kwenye godoro, haukutoa sauti, na yeye hakuuhitaji tena. Wimbo ulipofika kwenye noti ya mwisho, ile ndefu, ya chini kabisa, nikapiga kigelegele. Sikukipanga.

Balbu ikazimika.

Feni ikazunguka mara tatu, ikasimama. Umeme ulikuwa umekatwa, na saa kumi ilikuwa bado dakika ishirini. Tukabaki gizani mchana kweupe, kwa sababu ya magodoro. Nilisikia Santo akiweka tuba chini polepole, akiishusha kama anashusha mtoto aliyelala.

"Augustin," Oloya alisema kwa sauti nyembamba. "Umeweka? Augustin, imeingia?"

Akajikwaa kwenye waya.

"Augustin!"

Kwenye kona kulikuwa na taa ndogo ya kijani. Ilikuwa inawaka. Nyuma yake yakaonekana meno ya Augustin.

"Mimi natoka Bukavu," alisema. "Umeme ni kitu ya kusikia tu. Kompyuta yangu iko kwa betri ya gari tangu asubuhi."

Sikumbuki nani alimkumbatia nani. Nakumbuka nilikuwa sakafuni, kwamba trei za mayai zilikuwa zimevunjika chini yangu, kwamba Alanyo alikuwa amenikalia mguu akicheka mpaka akapata kwikwi, na kwamba mume wangu alikuwa anapigiwa saluti na kijana mwenye nywele za paka naye anairudisha, tena na tena, wote wawili hawajui namna ya kuacha.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Augustin alirudisha wimbo nyuma ili tuusikie, na mwishoni, juu ya noti ile ndefu, kikasikika kigelegele. Nikaamuru kikatwe. Nashon akasema atalala mlangoni kwangu siku tatu kama kikikatwa. Nikamtazama Santo, nikitegemea msaada.

"Kibaki," alisema. "Tafadhali."

Nikakubali kwa sharti kwamba jina langu lisiandikwe. Kwa hiyo ukiitazama albamu ya Mguu Pande, wimbo wa tisa, utaona: besi, Sajini mstaafu Santo Obwona. Kigelegele hakina mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa langu, maana pale pale ndipo midomo ilipopata chakula. Wakaunganisha: shuka, boda boda, Bukoto, na sasa sauti ya mwanamke asiye na jina. Wakasema ndiye huyo! Miaka yote hii nimewaacha waseme, nikidhani nalinda jina la nyumba, kumbe nilikuwa nalichafua kwa kunyamaza. Basi niandike wazi: sauti ile ni yangu, mimi Teresa Akech Obwona, mke wa ndoa ya kanisani.

Albamu ilitoka Septemba. Haikuwatajirisha. Lakini kinyozi wa kwetu Kyebando aliipenda, na Santo, ambaye alikuwa kipara tangu mwaka 1988, akawa mteja wake wa kila siku. Alikaa kwenye benchi na gazeti. Wimbo wa tisa ulipoanza, mikasi ilitetemeka kwenye rafu kwa uzito wa noti zake, na kijana mmoja aliyekuwa amepakwa sabuni aligeuka akauliza, "Nani huyo anapiga besi hivyo?" Kinyozi akaelekeza kwa wembe. Santo alirudi nyumbani akanisimulia mara tatu kabla ya chakula na mara mbili baada yake, na kila mara yule kijana alizidi kuwa mkubwa na sabuni ikazidi kuwa nyingi.

Alifariki mwaka 2009, kwa figo, hospitalini, mkono wake ukiwa kwenye wangu. Nalo hilo liandikwe, kwa faida ya wale wanaosema alifia kwingine.

Sasa limebaki jambo moja, ambalo wajukuu wameniuliza, Nabangala ameniuliza, na hata mwenyekiti mpya wa kina mama wa parokia ameniuliza akijifanya anaulizia dawa ya magoti. Wanataka kujua nilifanya nini katika dakika ile ya mwisho, baada ya mwavuli kuanguka na kabla ya kigelegele, kiasi kwamba Nashon mpaka leo akikutana nami huangalia pembeni na kuuma mdomo. Walioona ni wanne walio hai, na wote niliwaapisha juu ya Biblia ya Augustin.

Sisemi. Leo sisemi na kesho sisemi, na atakayeniuliza tena asitegemee chai yangu.